Discovery One: kwa nini iliundwa ndefu vile, na rejeta zake ziko wapi?

#1 MwanaNgomeni (Malindi)
Salaam wakuu. Swali langu ni la chombo, hadithi yake tuiache kando. Discovery One, ile meli ya anga ya filamu ya 2001: A Space Odyssey (1968). Mbele kuna tufe kubwa wanamokaa watu, nyuma kabisa injini, na katikati uti mrefu mwembamba wenye antena. Tufe na injini vingeweza kushikanishwa, chombo kikawa kifupi na imara. Kwa nini watu wakawekwa mbali hivyo na mashine yao?

Dai langu ni kwamba urefu ule unaokoa maisha. Injini ni ya nyuklia, na mionzi hupungua kwa mraba wa umbali. Ukienda mbali mara mbili, unapokea robo. Ukikaa mita 90 badala ya mita 10, unapokea kama sehemu moja kwa 80. Kukinga kiasi hicho kwa madini ya risasi peke yake kungeongeza uzito ambao nao lazima usukumwe mpaka Mshtarii. Umbali hauna uzito mkubwa. Wabunifu wakauchagua.

Ila kuna kitu kinanisumbua kila nikiitazama. Sioni pa kutolea joto. Kinu cha nyuklia bila rejeta? Wajuzi karibuni.

#2 Fundi_Baridi (Malindi)
Umegusa kazi yangu. Mimi nafunga viyoyozi mahotelini. Watu hudhani kiyoyozi kinatengeneza baridi, kumbe kinahamisha joto tu, kinalitoa ndani kinalipeleka nje, na huko nje lazima pawe na cha kulipokea. Kwetu ni hewa, feni inaipuliza kondensa kazi inakwisha. Kule juu hewa hakuna. Joto litatoka kwa mnururisho peke yake, na mnururisho unataka eneo.

Kituo cha Kimataifa cha Anga hakina kinu cha nyuklia, kinaendeshwa kwa jua, na bado kimebeba paneli kubwa nyeupe za rejeta ambamo inazunguka amonia. Mfumo wake mkuu unatoa hadi kilowati 70. Chombo cha kwenda Mshtarii kwa nyuklia ni habari ya megawati. Bila rejeta wale watu wangeiva njiani. Ni kosa la mchoro, tusizunguke mbuyu.

#3 Kusi_Kaskazi (Watamu)
Fundi, si lazima. Wamarekani walijaribu injini za nyuklia kule Nevada, mradi wa NERVA, mpaka ukafutwa mwaka 1973. Haidrojeni inapita ndani ya kinu, inapata joto kali, inatoka nyuma na kukisukuma chombo. Haidrojeni hiyo hiyo ndiyo inayopoza kinu. Joto linaondoka na kinachotemwa. Kama Discovery ni ya aina hiyo, rejeta ya nini?

#4 Fundi_Baridi
Na injini ikizimwa? Kinu ukikizima hakipoi saa ile ile, kinaendelea kutoa joto la mabaki. Halafu kuna taa, pampu za hewa, ile kompyuta HAL 9000, na wanasayansi watatu waliolazwa kwenye usingizi mrefu. Umeme wa vyote hivyo unatoka wapi miezi yote ambayo haidrojeni haipiti?

#5 Bi_Shela (Lamu)
Wanangu, kabla hamjamhukumu mchoraji kisomeni kitabu. Arthur C. Clarke aliandika riwaya wakati filamu ikitengenezwa, zikatoka mwaka mmoja. Kwenye riwaya Discovery INAZO rejeta. Nyuma ya tufe yapo matangi manne makubwa ya haidrojeni ya kimiminika, halafu rejeta zimetanda kwa umbo la V, zimejaa mabomba ya kimiminika cha kupozea, na kwenye ncha ya hiyo V ndiko kiliko kinu, futi 300 kutoka kwa watu. Hizo ni kama mita 91, kwa hiyo MwanaNgomeni hesabu yako imekaa pazuri.

Kusi_Kaskazi, injini ya kitabuni ni ya plazma (gesi ya moto sana yenye chaji ya umeme). Kinu kinatoa nguvu na plazma inatemwa kando yake, kwa hiyo ule mpango wa Nevada hautoshi kuieleza.

Fundi, waliochora hawakusahau. Rejeta zilikuwamo kwenye mipango, zikaondolewa. Clarke mwenyewe alieleza baadaye: waliogopa watazamaji wataziona ni mabawa, wakae wanajiuliza mabawa ya nini pasipo hewa.

#6 Fundi_Baridi
Kwa hiyo walijua, wakafuta. Hilo linaniuma kuliko kusahau. Mtazamaji angeelezwa kwa sentensi moja tu akaelewa. Watoto wa shule wangekua wakijua kwamba angani tatizo la injini kubwa ni kutupa joto. Badala yake watu wamerithi picha isiyo na rejeta.

#7 Jahazi_la_Matondoni (Lamu)
Bi Shela, shikamoo. Si ndicho kitabu hicho kinachosema ukiitazama Discovery kwa pembe fulani inafanana na meli ya zamani ya matanga?

#8 Bi_Shela
Marahaba mwanangu. Ndicho, na ni hizo rejeta zinazoipa sura hiyo. Filamu ilipozitoa, ilitoa matanga.

#9 Jahazi_la_Matondoni
Basi nami nina la kusema, maana nimelelewa kwenye karakana ya majahazi. Sisi tunaanza na mkuku (uti wa chini wa chombo), kisha mataruma (mbavu zake), mbao zinafuata. Jahazi refu likikaa juu ya wimbi moja, katikati linainuliwa, omo (mbele) na tezi (nyuma) zinaning'inia, kwa hiyo mkuku lazima uwe mnene. Discovery haina wimbi. Inasukumwa kutoka tezi tu, kwa mstari mmoja, polepole. Uti mwembamba unatosha kabisa na sioni udhaifu wowote hapo.

Shida naiona kwenye kugeuka. Umeweka uzito omo, umeweka uzito tezi, katikati pembamba. Ukiigeuza itachelewa kuanza, na ikishaanza itachelewa kusimama. Nani anaisimamisha?

#10 Mwalimu_Gede (Malindi)
Jahazi_la_Matondoni amesema kwa lugha ya karakana jambo ninalolifundisha kidato cha nne kwenda juu. Ukaidi wa kitu kugeuka unapanda kwa mraba wa umbali wa uzito kutoka katikati. Urefu ule ule unaopunguza mionzi kwa mraba unaongeza ugumu wa kugeuza kwa mraba. Walikubali hasara hiyo kwa sababu chombo cha masafa kinageuka mara chache sana.

Nimrudie MwanaNgomeni. Umbali ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kivuli. Ukiweka ngao nene ndogo karibu kabisa na kinu, inatupa kivuli cha umbo la koni kuelekea mbele. Kila kilicho ndani ya koni kimekingwa. Ngao ikiwa karibu na kinu inakuwa ndogo na nyepesi, na kadiri tufe linavyokaa mbali ndivyo koni nyembamba inavyotosha kulifunika lote. Sasa itazameni ile V ya kitabuni: nyembamba kwenye kinu, pana kuelekea kwa watu. Inakaa ndani ya koni hiyo! Rejeta ikitokeza nje ya kivuli inapigwa na mionzi na kuitawanya kuelekea kwa wafanyakazi. Kwa hiyo V ile ina sababu yake.

#11 Chura_wa_Mida (Watamu)
Fundi_Baridi akipewa meli hii atafunga kiyoyozi hata kwa HAL, na HAL atadai risiti.

#12 Fundi_Baridi
HAL ndiye wa kwanza ningemfungia. Kompyuta ya chumba kizima hutoa joto kuliko watu watano.

#13 Nahodha_Mstaafu (Lamu)
Mnabishania tezi, mimi wasiwasi wangu uko omo. Ndani ya tufe kuna gurudumu linalozunguka ili watu wapate uzito. Nimebeba abiria wa Kizingitini maisha yangu yote, namjua mtu anavyokuwa kichefuchefu cha bahari kikimshika. Gurudumu dogo linalozunguka haraka ni maradhi matupu. Linazunguka mara ngapi?

#14 Mwalimu_Gede
Shikamoo Nahodha. Gurudumu lililojengwa kwa ajili ya filamu, kazi ya kampuni ya Vickers-Armstrong, lilikuwa na kipenyo cha futi 38, yaani kama mita 11.6. Chukua nusu kipenyo mita 5.8. Ukitaka uzito wa duniani, lizunguke zaidi ya mara 12 kwa dakika, na hapo hata mabaharia wazoefu wataugua. Ukitaka uzito wa mwezini, sehemu moja kwa sita, mara 5 zinatosha. Kitabu kimechagua uzito wa mwezini, gurudumu la futi 35 na mzunguko mmoja kila sekunde 10.

Kuna jambo hapa sijalisikia likisemwa kwa Kiswahili nami nalipenda sana. Mnakumbuka mwanaanga Frank Poole anavyokimbia mazoezi ndani ya gurudumu? Kwa mizunguko 5 kwa dakika sakafu inakwenda kama mita 3 kwa sekunde. Poole akikimbia mita 3 kwa sekunde KINYUME na mzunguko, ameifuta kasi yote, hana uzito tena, anaelea. Akikimbia KUFUATA mzunguko kasi yake inafika mita 6 na uzito unapanda karibu mara nne, zaidi ya nusu ya uzito wake wa duniani. Maana yake gurudumu dogo linatosha kwa mazoezi mazuri, mradi ukimbie upande sahihi. Nafikiri hii ni sababu nzuri ya kutolifanya kubwa.

Kasoro ipo, tena Nahodha ameigusa. Mtu wa mita 1.8 akisimama humo, kichwani uvutano ni pungufu kwa karibu thuluthi kuliko kwenye nyayo. Akigeuza shingo haraka, masikio yatamwambia jambo moja na macho lingine.

#15 Chura_wa_Mida
Kwa hiyo Poole akikosea njia asubuhi anapaa na taulo lake. Mwalimu, hili uwape mtihani.

#16 Binti_Seremala (Malindi)
Mimi ni wa vipimo. Gurudumu la futi 38 lazima likae ndani ya tufe, sawa? Nje ya gurudumu kuna ukuta wake, fani zake, na nafasi lisiguse. Halafu katika tufe hilo hilo kuna chumba cha usukani, ukumbi wa vile vyombo vidogo vitatu vya kutokea nje, milango ya hewa na stoo. Kila nikichora mpango wa sakafu, ukumbi wa vile vyombo unaingia ndani ya gurudumu. Kwa maoni yangu waliojenga vyumba na waliojenga mfano wa nje hawakupima kwa rula moja. Mnaotafuta sababu ya kila kipande mtafute na hiyo.

#17 MwanaNgomeni
Binti_Seremala, vyumba vilijengwa ili kamera ipite, lakini chombo kilisimamiwa na watu wa kazi. Harry Lange na Frederick Ordway walitoka kwenye shughuli za roketi za Marekani kabla ya kuingia filamuni. Ndiyo maana naamini kila kipande kina sababu.

Tena sisi watu wa huku tuna haki ya kuuliza mambo haya. Setelaiti ya kwanza kurushwa kwetu Ngomeni ni Uhuru, mwaka 1970. Babu alikuwa baharini akivua wakati roketi zinapaa.

#18 Kusi_Kaskazi
Ya kwanza ni San Marco 2, Aprili 26, 1967, iliyorushwa na Waitaliano kutoka lile jukwaa la Ghuba ya Ungwana. Uhuru ilifuata Desemba 12, 1970. Ila Uhuru ni ya kwanza kwa jambo kubwa zaidi. Kabla yake hapakuwa na setelaiti yoyote duniani iliyotengwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani. Na kwa kuwa tunazungumzia kuzunguka, Uhuru nayo ilikuwa ikijizungusha, taratibu, mzunguko mmoja kama dakika 12, ili ipekue anga kipande kwa kipande.

#19 MwanaNgomeni
Asante kwa tarehe. Roketi zenyewe zilikuwa Scout, za hatua nne, fueli yabisi, ndefu kama mita 23 na unene wa kama mita moja. Ile ilikuwa nyembamba kwa sababu lazima ipasue hewa. Discovery haigusi hewa hata siku moja. Wembamba wake hauwezi kuwa wa kupasua kitu.

#20 Mzee_wa_Picha (Malindi)
Naona wote mmekwepa jibu jepesi. Mfano mkubwa wa Discovery ulikuwa na urefu wa futi 54, zaidi ya mita 16. Kubrick, mwongozaji wa filamu, alianza maisha kama mpiga picha wa magazeti. Alitaka kitu ambacho kamera itapita kando yake muda mrefu bila kukimaliza, mtazamaji ahisi ukubwa na upweke wa safari. Tufe limeshikana na injini lisingempa hilo. Nimepiga picha za harusi na za bandari, na nakuhakikishieni, urefu unaojirudia vipande vipande ndio unaolipa jicho kipimo. Vile vipande vya kwenye uti, vinavyofanana kimoja baada ya kingine, viko pale kwa kazi hiyo.

#21 Jahazi_la_Matondoni
Mzee wa Picha, vile vipande ni matangi. Uti hauvikwi vitu kwa urembo.

#22 Mzee_wa_Picha
Nionyeshe bomba moja kwenye filamu linaloingia humo.

#23 Mwalimu_Gede
Tuyachukulie ni matangi, maana hoja inakuwa tamu. Haidrojeni ya kimiminika ni nyepesi ajabu, tani moja inajaza kama mita za ujazo 14. Kwa hiyo matangi lazima yawe makubwa, na chombo kinakuwa kirefu kwa sababu ya matangi, hata usipofikiria mionzi. Halafu haidrojeni hiyo inachemka kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Ukiiweka karibu na kinu itakuvukia yote. Hiyo ni sababu nyingine ya umbali.

Lakini inakuja hoja ya kumpinga MwanaNgomeni. Haidrojeni ni kinga nzuri dhidi ya nyutroni, chembe za mionzi zinazotoka kwenye kinu. Kitabuni matangi yamewekwa mara tu nyuma ya tufe, kati ya watu na kinu. Kama matangi yanawakinga, chombo kingeweza kuwa kifupi.

#24 MwanaNgomeni
Kinga inayopungua kila unavyowasha injini, Mwalimu? Ukifika mwisho matangi ni matupu na kinu bado kinawaka. Uti haupungui. Mimi nabaki na uti.

#25 Nahodha_Mstaafu
Wakifika matangi ni matupu, wanarudi na nini?

#26 Bi_Shela
Nahodha, kitabuni hawarudi nayo. Mpango ulikuwa kazi ikikwisha wote walale usingizi mrefu wangojee Discovery ya pili ije kuwachukua. Na kitabuni mwisho wa safari ni Zohali. Mshtarii walipita tu kuazima kasi ya uvutano wake, mbinu ambayo Voyager 1 iliitumia kweli, ikapita Mshtarii 1979 na kufika Zohali 1980. Filamu ikaishia Mshtarii kwa kuwa pete za Zohali ziliwashinda kuzitengeneza zikaaminika. Wala Clarke mwenyewe hakuwa wa mbali nanyi. Aliishi Sri Lanka tangu miaka ya 1950, akipiga mbizi katika bahari hii hii yetu.

#27 Nahodha_Mstaafu
Bi Shela, hilo la kwenda bila kurudi silikubali. Chombo ambacho nahodha wake hana uwezo wa kukirudisha mwenyewe, kasoro yake ni kubwa kuliko rejeta. Ningekataa kukipanda, na ningewazuia vijana wangu. Kuungwa kwa ustadi hakusaidii kitu ikiwa marejeo yako mikononi mwa mtu aliyeko nchi kavu.

#28 Fundi_Baridi
Nakuunga mkono Nahodha, lakini nimekesha na hesabu za rejeta na kuna kitu sikukitarajia. Mnururisho unapanda kwa kipeo cha nne cha halijoto. Bati jeusi la joto la chumba linatoa chini ya nusu kilowati kwa kila mita ya mraba. Bati hilo hilo likiwa na nyuzi 727 linatoa kama kilowati 57! Tuseme kinu kina megawati 10 za joto la kutupa (nambari yangu ya kukadiria, haimo kitabuni). Inatosha kama mita za mraba 176. Rejeta ya kinu inaweza kuwa ndogo sana, mradi iwe inawaka wekundu. Iliyo kubwa kwa kulinganisha ni ya watu, kwa sababu wao hawawezi kuishi kwenye nyuzi 727.

#29 Kusi_Kaskazi
Mita 176? Fundi, uti wa mita 90 ukiwa na mzingo wa mita 3 una mita za mraba 270. UTI WENYEWE NDIO REJETA. Hawakufuta kitu, waliificha mahali ambapo wote tunaitazama. Urefu umeelezeka, vile vipande vya Mzee wa Picha vimeelezeka, na mabawa hayahitajiki.

#30 Mzee_wa_Picha
Mbona hauwaki wekundu? Ni mweupe filamu nzima.

#31 Jahazi_la_Matondoni
Na antena imekaa juu ya uti huo huo. Bowman, mwenzake Poole, anatoka na chombo kidogo, anaelea mpaka pale, anabadilisha kifaa cha antena kiitwacho AE-35 kwa mikono yake. Chuma cha nyuzi 700 kiko mbele yake na glavu hazijaungua? Hapana, Kusi. Na matangi ya nyuzi 253 chini ya sifuri utayafunga kwenye mkuku wa moto?

#32 Kusi_Kaskazi
Wakati huo injini imezimwa, chombo kinateleza tu. Uti unakuwa moto injini ikiwaka. Ikizimwa kinabaki kinu kinachotoa umeme wa ndani, joto dogo, uti umepoa. Matangi unayatenga kwa vishikizo visivyopitisha joto.

#33 Fundi_Baridi
"Joto dogo" kiasi gani? Post yangu ya #4 bado haijajibiwa.

#34 Mwalimu_Gede
Nipeni makadirio ya umeme: HAL, hewa, taa, gurudumu, vile vitanda vitatu vya usingizi. Kusi akisema kilowati, nitampa halijoto ya uti na tutajua kama glavu za Bowman zinapona. Binti_Seremala, nawe tupatie mzingo wa uti kutoka kwenye picha, maana hiyo mita 3 ya Kusi imetoka hewani.

#35 Binti_Seremala
Napima kwa kulinganisha na tufe. Lakini niambieni kwanza tufe lenyewe tunalihesabu kipenyo gani, maana ndilo nililolalamikia #16.